Kutoka Kabati la Makumbusho hadi Mahakamani: Vyama vya Wanabiolojia na Utetezi wa Viumbe Afrika Mashariki

Chama cha Historia Asilia cha Afrika Mashariki na Uganda kiliundwa mjini Nairobi mwaka 1909 na kikundi kidogo cha maofisa wa serikali ya kikoloni, wamisionari na walowezi ambao, nje ya saa za kazi, walikusanya ndege, vipepeo, nyoka na mimea. Miongoni mwao walikuwamo Frederick Jackson, ofisa mwandamizi wa serikali na bingwa wa elimu ya ndege; John Ainsworth na Charles William Hobley, watawala wa mikoa; Blayney Percival wa idara ya wanyamapori; na wamisionari wawili, Harry Leakey na Kenneth St. Aubyn Rogers. Elimu waliyoiita historia asilia, yaani uchunguzi wa viumbe mahali wanapoishi pamoja na kuwapa majina na kuwapanga kwa jamaa zao, ndiyo shina la sehemu kubwa ya biolojia ya leo. Mwaka 1910 chama kilianza kutoa jarida lake, na mwaka huohuo kikafungua makumbusho madogo mahali ambapo leo limesimama jengo la Nyayo House.

Katika miaka mia moja iliyofuata, chama hicho na vingine vilivyozaliwa baada yake vilijikuta vikifanya kazi ambayo waasisi hawakuianzia: kusimama mbele ya watawala, magazeti, mabaraza ya vijiji na hatimaye mahakama, vikidai kwamba kiumbe fulani au makazi fulani yasiangamizwe. Utetezi huo haukutegemea fedha wala mamlaka, kwa kuwa vyama hivi havikuwa na vyote viwili kwa wingi. Ulifaulu pale palipokuwa na kumbukumbu zilizowekwa kwa miaka mingi kabla ya ugomvi kuanza, na ulikuwa wa haki pale tu wenyeji wa mahali husika walipohesabiwa kuwa sehemu ya umma uliokuwa ukisemewa. Sharti la kwanza lilitimizwa mapema. La pili lilichukua sehemu kubwa ya karne, na gharama ya kuchelewa huko iliwaangukia watu ambao hawakuwa na kiti katika mkutano wa chama chochote.

Desturi ya wataalamu kuwaendea watawala ilikuwapo tayari. Mwaka 1896 Hermann von Wissmann, gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, alitoa amri ya kudhibiti uwindaji, na mwaka 1900 mataifa ya Ulaya yenye makoloni yalitia saini mjini London mkataba wa kuhifadhi wanyama wa Afrika, ingawa mkataba huo haukupata kuanza kutumika. Mwaka 1903 Edward North Buxton na wenzake waliunda London Chama cha Kuhifadhi Wanyamapori wa Dola ya Uingereza, kilichoanza kwa kupinga mpango wa kuifuta hifadhi moja nchini Sudan. Silaha zake zilikuwa barua na ujumbe wa watu wenye majina makubwa kwenda Wizara ya Makoloni. Hobley, mmoja wa waasisi wa chama cha Nairobi, aliporudi Uingereza alikuwa katibu wa chama hicho cha London kuanzia miaka ya 1920, na kwa njia hiyo utafiti uliofanywa Afrika Mashariki uliunganishwa moja kwa moja na ofisi zilizoamua mambo ya Afrika Mashariki bila Mwafrika yeyote kuulizwa.

Nairobi kwenyewe kazi iliyoendelea ilikuwa ya kimya zaidi, na kwa historia hii ndiyo yenye uzito mkubwa. Arthur Loveridge, mtaalamu wa nyoka, mijusi na vyura ambaye baadaye alifanya kazi Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, aliajiriwa kuwa mtunzaji wa makumbusho wakati Vita Kuu ya Kwanza inaanza. Mwaka 1922 makumbusho yalihamia jengo kubwa zaidi, na tarehe 22 Septemba 1930 yalifunguliwa upya kwenye kilima ambapo yapo hadi leo, yakiwa na jina la Robert Coryndon, gavana wa zamani aliyekiunga mkono chama. Ndani ya makabati yake kila kielelezo kilifungwa kikaratasi chenye mambo matatu: mahali kilipopatikana, tarehe, na jina la aliyekipata. Baadhi ya vielelezo ni vya namna ya pekee, kwa sababu spishi mpya inapoelezwa kwa mara ya kwanza, mtaalamu huchagua mwili mmoja uwe shahidi wa kudumu wa jina hilo, na kila anayedai baadaye kwamba amemwona kiumbe huyo hulazimika kurejea kwa shahidi huyo. Bila kikaratasi hicho, ndege aliyekaushwa ni pambo tu. Kikiwapo, huwa ni ushahidi kwamba mwezi fulani wa mwaka fulani kiumbe huyo aliishi katika msitu ambao pengine leo umekuwa shamba.

Kuna neno la kusema kuhusu lile jina la aliyekipata. Vielelezo vingi viliandikwa majina ya Wazungu walioongoza safari, ilhali waliovipata, waliojua ndege yule hulala mti gani na nyoka yule hutoka saa ngapi, walikuwa Waafrika walioajiriwa kama wasaidizi. Heselon Mukiri, aliyefanya kazi na Louis Leakey kwa miongo kadhaa, ni mmoja wa wachache ambao majina yao yalihifadhiwa kwenye maandishi ya kitaaluma. Wengi walibaki bila jina. Wanachama wa miaka ya mwanzo walikuwa Wazungu karibu wote, na hata kuyaona makabati hayo hakukuwa haki ya kila mtu hadi miaka ya 1940, wakati Louis Leakey, mwana wa mmisionari yule mwasisi, alipokuwa mtunzaji na kuyafungua makumbusho kwa watu wa rangi zote. Chama kilichokuwa kinaijua nchi kwa kina hakikuwa kinawajua wenye nchi kama wasomaji wake, na kasoro hiyo ilionekana waziwazi pale elimu hiyo ilipogeuka kuwa hoja ya hadharani.

Ilionekana kwanza katika kuanzishwa kwa mbuga za taifa. Nairobi National Park, ya kwanza nchini Kenya, ilitangazwa mwaka 1946 baada ya kampeni ya miaka mingi ambamo Mervyn Cowie alidiriki kuandika gazetini, kwa jina la bandia, kwamba wanyama wote wauawe, ili kuwachokoza wasomaji waandike kuwatetea. Walijitokeza kwa wingi. Wasomaji hao, hata hivyo, walikuwa walowezi, na wafugaji wa Kimaasai na Kisomali waliokuwa wakilisha mifugo kwenye nyanda hizo hawakuwa sehemu ya mjadala uliowahamisha.

Serengeti ndipo mahali ambapo sauti ya wanabiolojia ilisikika kwa nguvu kuliko wakati wowote wa ukoloni. Mwaka 1956 serikali ya Tanganyika ilipendekeza kuipunguza sana mbuga hiyo na kuigawa vipande vipande, ili kumaliza mvutano kati ya wasimamizi wake na Wamaasai waliokuwa na haki ya kuishi ndani yake. Vyama vya uhifadhi vya Uingereza na Marekani vilipaza sauti, na kile chama cha London, ambacho kwa wakati huo kilikuwa kimebadili jina, kilimtuma W. H. Pearsall, profesa wa botania, yaani elimu ya mimea, kuchunguza ikolojia ya eneo lote. Ikolojia ni elimu ya uhusiano wa viumbe na mazingira yao na wao kwa wao. Na hoja ya Pearsall ilikuwa ya ikolojia hasa, kwamba mipaka inapaswa kufuata maji, nyasi na mwendo wa nyumbu, na si urahisi wa mtawala. Hapa mwanasayansi alitumwa na chama cha hiari kwenda kuangalia mambo mahali penyewe, kisha ripoti yake ikaingia katika maamuzi ya serikali. Tume ya serikali ilifuata mwaka 1957, na mwaka 1959 eneo liligawanywa mara mbili: Serengeti iliyobaki mbuga bila wakazi, na Ngorongoro iliyowekwa chini ya utaratibu wake wa kuhifadhi wanyama huku wafugaji wakiendelea kuishi humo.

Matokeo hayo yanastahili kutazamwa kwa macho mawili. Bila uchunguzi ule, njia za nyumbu zingekatwa kabla hazijaeleweka, na dunia isingekuwa na Serengeti inayoijua leo. Lakini mwaka 1958 wazee wa Kimaasai waliweka alama zao kwenye karatasi ya kukubali kuondoka Serengeti, karatasi iliyoandaliwa katika lugha na sheria zisizo zao, wakaahidiwa kubaki Ngorongoro, na ahadi hiyo imekuwa chanzo cha ugomvi tangu wakati huo. Sayansi iliyokuwa sahihi kuhusu nyumbu haikufanya juhudi sawa ya kuelewa ufugaji, ambao nao ni elimu ya nyasi na maji, wala haikuona kwamba Serengeti iliyokuwa ikiitetea ilikuwa imetunzwa kwa vizazi vingi na watu waliokuwa na ng'ombe humo. Huo ulikuwa ushindi wa kitaaluma uliolipwa na wengine.

Wakati mjadala huo ukiendelea, kaskazini kidogo ya Ngorongoro ilikuwa imepatikana taarifa ambayo thamani yake haikujulikana hadi nusu karne baadaye. Heroe mdogo, ndege ambaye watu wengi humwita flamingo, alikuwa akionekana kwa mamia ya maelfu kwenye maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, lakini hakuna mtaalamu aliyejua anakotagia. Mwaka 1954 Leslie Brown, ofisa wa kilimo nchini Kenya aliyekuwa pia mtaalamu wa ndege, aliruka kwa eropleni juu ya Ziwa Natron, akaona viota, na baadaye akajaribu kuvifikia kwa miguu. Maji ya Natron ni machache kwa kina na yana magadi makali kiasi cha kuunguza ngozi. Tope lake lilikaribia kumuua, naye akalazwa hospitali kwa wiki kadhaa na kupandikizwa ngozi miguuni. Ndege wale huchagua mahali hapo kwa sababu hiyohiyo, kwa kuwa fisi na mbweha hawawezi kuvuka. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba heroe wadogo wa Afrika Mashariki, wanaokadiriwa kuwa kati ya milioni 1.5 na 2.5, ambao ni takriban robo tatu ya heroe wadogo wote duniani, hawana mahali pengine pa kutagia pa kutegemewa isipokuwa Natron. Mwaka 1962, mafuriko yalipowazuia, walitagia Magadi upande wa Kenya, na chumvi ya magadi ikajiganda kwenye miguu ya makinda kama pingu. Alan Root na wenzake waliwafungua makinda yapatayo 27,000 kwa mikono.

Uhuru ulipokaribia na baada ya kupatikana, mambo yalianza kubadilika, ingawa polepole. Chama cha Wanyamapori cha Afrika Mashariki kiliundwa mwaka 1961 kwa kuunganisha vyama vya nchi za kanda. Mwaka 1964 makumbusho ya Coryndon yakawa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Na mwaka 1966 Perez Olindo akawa Mwafrika wa kwanza kuongoza mbuga za taifa za Kenya. Hatua ambayo pengine haikutajwa vya kutosha ni ile ya mwaka 1968, wakati wanafunzi wa shule za sekondari za Kenya walipoanzisha klabu za wanyamapori, za kwanza za aina hiyo barani, na kwa njia hiyo vijana ambao wazazi wao walikuwa wamefukuzwa mbugani wakaanza kuingia humo kama wasomaji wa biolojia. Mwaka 1971 Fleur Ng'weno alianza kuongoza matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi jijini Nairobi chini ya chama kile cha 1909, matembezi yaliyo wazi kwa yeyote, na yaliyolea kizazi kizima cha watazamaji ndege Wakenya. Mwaka 1977 kamati ya ndege ya chama hicho ilianza kutoa Scopus, jarida la ndege wa Afrika Mashariki.

Nyuma ya shughuli hizo kazi ya kuorodhesha haikusimama. Ghala la mimea iliyokaushwa, ambalo wataalamu huliita hebaria, lililoanzia kwenye kituo cha utafiti kilichofunguliwa na Wajerumani huko Amani, milima ya Usambara, mwaka 1902, lilihamishiwa Nairobi mwaka 1950 na kuwekwa karibu na makumbusho. Kutokana na ghala hilo na lile la Kew nchini Uingereza kilitoka kitabu kikubwa cha mimea ya Kenya, Tanzania na Uganda, ambacho sehemu zake za kwanza zilichapishwa mwaka 1952 na za mwisho mwaka 2012, kikieleza spishi zaidi ya 12,000. Miaka sitini ni muda mrefu kwa kitabu kimoja. Ni kazi ambayo haiwezi kufanywa ugomvi ukiwa umeshafika mlangoni.

Kilichokosekana kilikuwa njia ya kisheria ya kuitumia elimu hiyo. Wangari Maathai, mwanabiolojia aliyefundisha anatomia ya wanyama Chuo Kikuu cha Nairobi na mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamivu, alionyesha pengo hilo mwaka 1989 alipopinga jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kujengwa ndani ya Uhuru Park. Aliandika barua kwa ofisi moja baada ya nyingine, kisha akaenda mahakamani. Kesi ikatupwa kwa sababu, kwa mtazamo wa mahakama, hakuwa na haki ya kushtaki, kwa kuwa madhara hayakumhusu yeye binafsi kuliko mtu mwingine yeyote. Jengo halikujengwa, lakini liliachwa kwa sababu ya kelele za umma na kuondoka kwa fedha za wafadhili. Ni mwaka 1999 tu ambapo Kenya ilitunga sheria ya usimamizi wa mazingira iliyompa kila mtu haki ya kushtaki kwa ajili ya mazingira bila kuthibitisha kwamba ameumizwa yeye mwenyewe, na iliyotaka kila mradi mkubwa utanguliwe na tathmini ya athari kwa mazingira, yaani uchunguzi ulioandikwa wa madhara yake kabla ya kibali kutolewa. Tanzania ilipata sheria yake ya aina hiyo mwaka 2004. Maathai hakuitegemea sheria hiyo, ila aliwafungulia wengine mlango wake, na hilo ni deni ambalo vyama vya wanabiolojia vinapaswa kulikiri kuliko vinavyofanya.

Mwaka huohuo wa 1999 chama cha Nairobi, ambacho sasa kinajulikana kwa umma kwa jina la Nature Kenya, kilichapisha kazi ya Leon Bennun na Peter Njoroge iliyoorodhesha maeneo 60 muhimu kwa ndege nchini Kenya. Eneo halikuingizwa kwa sababu ni zuri, bali kwa vigezo vilivyo sawa duniani kote: kama lina spishi iliyo hatarini kutoweka, au spishi isiyopatikana pengine, au mkusanyiko wa ndege unaozidi kiwango fulani. Sehemu kubwa ya data, yaani taarifa ghafi zilizopimwa, ilitoka kwenye makabati, majarida na daftari za watu kama wale wa Jumatano asubuhi. Kwa kitabu hicho, kumbukumbu ya kisayansi iligeuka kuwa hati ambayo ofisa wa serikali, mwandishi wa habari au wakili angeweza kuifungua kwenye ukurasa unaohusika.

Natron ilikuja kuwa jaribio la kwanza kubwa. Mwaka 2006 Shirika la Maendeleo la Taifa la Tanzania na kampuni ya Tata Chemicals ya India walipendekeza kiwanda cha kuchota magadi ziwani, chenye uwezo wa tani 500,000 kwa mwaka. Chama cha Uhifadhi wa Wanyamapori Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1988, kikishirikiana na wenzake wa Kenya na mtandao wa kimataifa wa vyama vya ndege wa BirdLife, kilichukua kazi iliyokuwa imeanza na miguu iliyoungua ya Leslie Brown na kuigeuza kuwa swali moja ambalo mwenye mradi alipaswa kulijibu: ikiwa ndege hawa hawatagi pengine, wataenda wapi? Tathmini ya mradi haikulijibu kwa namna iliyoridhisha. Wafugaji wa Kimaasai wa kandokando ya ziwa, wakihofia maji matamu machache ambayo kiwanda kingeyahitaji, walizungumza katika mikutano wao wenyewe, na hapo ndipo utetezi huu ulipotofautiana na ule wa mwaka 1956. Mwaka 2008 Tata ilijiondoa. Suala halikufa, maana mwaka 2011 serikali ililifufua, lakini baadaye juhudi za shirika hilo la umma zilielekezwa zaidi kwenye magadi yaliyo chini ya ardhi huko Engaruka, kusini ya ziwa.

Kwenye delta ya Mto Tana hoja ilikuwa ngumu zaidi, kwa kuwa wenyeji hawakuwa na msimamo mmoja. Delta ni eneo ambalo mto, ukikaribia bahari, hujigawa katika mikono mingi na kuacha udongo wenye rutuba. Kwenye delta hiyo Wapokomo hulima mpunga na mihogo kwa kufuata mafuriko, na Waorma na Wawardei huleta ng'ombe wakati wa kiangazi, huku ndege wa maji wakija kwa maelfu. Mwaka 2008 mamlaka ya mazingira ya Kenya ilitoa kibali cha mradi wa serikali na kampuni ya sukari wa kupanda miwa kwenye hekta zipatazo 20,000. Baadhi ya wakazi waliitaka miwa kwa ajili ya ajira. Wengine, pamoja na vyama vya uhifadhi, walikwenda mahakamani Malindi, na mahakama ikausimamisha mradi kwa muda, kabla ya uamuzi mwingine kuwaendea kinyume. Katika kipindi hicho wataalamu waliokuwa upande wa delta walifanya jambo ambalo vizazi vilivyotangulia havikulifanya: waliacha kuhesabu ndege peke yao, wakahesabu pia mchele, samaki, maziwa na mkeka wa ukindu, na kuonyesha kwamba kile kilichoitwa ardhi tupu kilikuwa kinalisha watu wengi kuliko miwa ambayo ingekiondoa.

Tarehe 4 Februari 2013, katika kesi iliyofunguliwa na wakazi wenyewe, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamuru mamlaka husika zitengeneze mpango wa matumizi ya ardhi ya delta kwa kuwashirikisha wakazi. Uamuzi huo ulikuja miezi michache baada ya mapigano ya Wapokomo na Waorma ya mwaka 2012 yaliyoua watu wengi, mapigano ambayo kiini chake kilikuwa haki ya maji na malisho, na kwa hiyo haukuwa suala la ndege hata kidogo kwa wale waliozika jamaa zao. Nature Kenya ilikuwa miongoni mwa waliosaidia kuandaa mpango huo, uliokamilika mwaka 2015, na mwaka 2012 delta ilikuwa imeshaingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, makubaliano ya kimataifa ya mwaka 1971 ya kulinda ardhioevu. Kazi ya kukaa na wafugaji na wakulima hadi wakubaliane njia za ng'ombe zipite wapi si biolojia ya makabati. Hata hivyo bila biolojia ya makabati, hakuna ambaye angeweza kuwaambia maji ya mto yanapaswa kufika wapi na mwezi gani.

Pwani zaidi, kwenye msitu wa Arabuko-Sokoke, somo hilo lilikuwa limeanza kueleweka mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 majirani wengi wa msitu huo waliutaka ukatwe ili wapate mashamba, na hakuna orodha ya spishi ambayo ingewabadili mawazo kwa kuwa njaa ilikuwa yao na spishi zilikuwa za wengine. Mwaka 1993 Ian Gordon, mtaalamu wa wanyama wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alianzisha Gede mradi wa Kipepeo, ambamo wakulima hulea viwavi kwa majani yanayopatikana msituni na kuuza pupa kwa maonyesho ya vipepeo ya Ulaya na Marekani. Elimu ya kipepeo gani hula mti gani, iliyokusanywa kwa miaka mingi bila faida ya fedha, ikawa mapato ya kaya. Mwaka 2014 kampuni ilipotaka kutafuta mafuta msituni kwa mitetemo ya ardhi, waongozaji wa ndege na vikundi vya vijiji walikuwa mstari wa mbele kupinga, na kampuni ikaondoka.

Kaskazini ya hapo, Dakatcha, mpango wa kupanda mbono kaburi, yaani jatropha, kwenye hekta 50,000 kwa ajili ya mafuta ya magari ya Ulaya ulipingwa kwa hoja ya kisayansi ambayo wenye mpango hawakuitarajia: uchunguzi ulioagizwa na vyama vya uhifadhi na kutolewa mwaka 2011 ulionyesha kwamba, ukihesabu miti itakayokatwa, mafuta hayo yangetoa hewa ukaa kati ya mara 2.5 na 6 zaidi ya mafuta ya kawaida, na mamlaka ya mazingira ikaukataa. Dakatcha haikuwa hifadhi ya kisheria, na moja ya sababu za kuijali ilikuwa mnana wa Clarke, ndege mdogo wa manjano na mweusi aliyeelezwa kitaalamu mwaka 1913 na ambaye hapatikani popote duniani nje ya kaunti ya Kilifi. Kwa karne nzima hakuna mtaalamu aliyekuwa amekiona kiota chake. Mwezi Machi 2013 timu iliyoongozwa na Fleur Ng'weno, ikiwa na wanachama wa kikundi cha uhifadhi cha wakazi wa Dakatcha, iliwakuta wakijenga kwenye matete ya bwawa la msimu katikati ya miti ya miombo. Mabwawa hayo hujaa katika miaka ya mvua nzuri tu na hukauka haraka, kwa hiyo kujua lini ndege hao wanataga, na kulizuia shamba jipya lisifike ukingoni mwa bwawa mwaka huo, ni kazi inayoweza kufanywa na wale tu wanaoishi hapo, na wao ndio waliokabidhiwa kazi hiyo.